Glasi za bibi mezani: ianze glasi, ua lifuate

Msomaji mmoja, dada, ameniuliza hivi: "Habari za leo. Marehemu bibi ameniachia glasi za zamani kama 30, hakuna seti hata moja iliyokamilika. Kuna viglasi vidogo vya mguu, kuna zile pana za shampeni, bilauri nzito za kuchongwa, dekanta 2 (zile chupa za kioo za kumiminia waini) ambazo moja kizibo chake hakitoki, na bakuli moja kubwa. Nyingine zina ukungu hata nikisugua hautoki. Mwezi ujao tuna chakula cha familia, meza ndefu ya watu 16, nataka nizitumie kama vesi za maua. Juzi nilijaribu, nilinunua shada kubwa la mchanganyiko nikaligawa kwenye glasi, maua yakalala pembeni, glasi moja ikaanguka, na maji siku ya pili yalikuwa yananuka. Nakosea wapi? Na baada ya hapo zinaweza kunywewa tena?"

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na bibi, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujazirudisha kwenye boksi maana wengi glasi ikianguka mara moja tu wanasema aa hizi hazifai kwa maua, zinafungiwa kabatini miaka mingine 20. Zinafaa, tena sana. Kosa lako umelitaja mwenyewe bila kujua: ulinunua shada kwanza, alafu ndo ukaanza kuzitafutia hizo shina mahali pa kukaa. Vesi ya kawaida inakuvumilia ukifanya hivyo kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya maua, ina shingo inayobana vikonyo visitawanyike. Glasi imetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa mtu, inapanuka pale pale ambapo vesi ingebana, kwa hiyo ua ukiliachia linaangukia upande wowote linaotaka. Sasa wewe geuza mpangilio. Weka glasi zote mezani zikiwa tupu, zitazame moja moja, mdomo una upana gani, tumbo lina kina gani, mguu una uzito gani, alafu ndo uamue hii inataka ua gani na mangapi. Mimi hii kazi ya kupamba meza nimeifanya miaka mingi na bado hua naanza hivyo hivyo, glasi tupu mezani, sijanunua hata ua moja.

Kabla ya maua lakini, zikague, kwa sababu glasi ya zamani inaweza kuonekana nzima kumbe imeshachoka. Ishike sehemu ya mguu tu, usilishike tumbo, igonge taratibu kwa kucha. Nzima inalia, na ikiwa ni kristali ya risasi, yaani kioo kilichotiwa madini ya risasi, inalia muda mrefu kabisa sauti inazunguka kama kengele ndogo, yenye ufa inatoa "tak" kavu inakatika hapo hapo. Alafu chukua kipande cha pamba, usitumie kidole, kizungushe kwenye ukingo wote wa mdomo. Palipobanduka hata kidogo kiasi ambacho jicho halioni, pamba itaacha nyuzi. Hako kajino kwenye ukingo hakana shida kwa maua, unakageuzia nyuma au unakafunika na jani, ila hiyo glasi itoe kabisa kwenye za kunywea. Ufa ni habari nyingine. Glasi yenye ufa usiitie maji hata kama haivuji leo, ufa unatembea, na utatembea usiku mezani juu ya kitambaa. Hiyo tumia maua makavu, au tumbukiza ndani yake kichupa kidogo chenye maji na ua likae kwenye kichupa.

Kuhusu huo ukungu, kuna wa aina mbili na dawa yake ni tofauti. Wa kwanza ni chokaa ya maji, yale madini yanayobaki maji yakikauka, huo unatoka. Jaza siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, iache usiku mzima, asubuhi suuza na sponji laini. Ikitoka, kazi imeisha. Isipotoka hata baada ya mara mbili tatu basi huo ni wa aina ya pili, glasi yenyewe inaumwa, yaani unyevu uliokaa ndani miaka mingi umeivuta sodiamu kutoka kwenye kioo, uso wa ndani umekuwa na vishimo vidogo vidogo visivyoonekana, na huo hakuna siki wala sabuni itakayoutoa kwa sababu sio uchafu, ni kioo chenyewe kilicholiwa. Hapo usihangaike kusugua na unga wa kusugulia masufuria, utaongeza mikwaruzo juu ya ugonjwa. Ila sikiliza, ndio maana nazipenda glasi hizi kwa maua: jaza maji uone. Maji yanaingia kwenye vile vishimo na ukungu unapotea, pale maji yalipofika kioo kinakuwa angavu kama kipya, unaona kabisa mstari, chini peupe juu pana moshi. Kwa hiyo glasi inayoumwa jaza maji mpaka karibu na mdomo, hakuna mgeni atakayejua. Ukimaliza tu mwaga, kausha, usiyaache humo wiki nzima maana ni maji hayo hayo yaliyoiumiza.

Tahadhari mbili za kuosha. Glasi yenye mstari wa dhahabu au michoro ya rangi usiilaze kwenye siki, dhahabu ya zamani ni utando mwembamba sana uliopakwa juu, inabanduka, hiyo osha na sabuni ya kawaida na vidole basi. Na siki usije ukaichanganya na ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe eti upate nguvu ya zote mbili, inatoa gesi ya sumu. Mashine ya kuoshea vyombo sahau kabisa.

Na maji ya moto. Hili naliongea kwa uchungu. Niliwahi kuwa na bakuli zito la kuchongwa, kitako chake unene wa kidole gumba, lilikuwa limekaa kwenye chumba cha baridi usiku kucha, asubuhi nikalimiminia maji ya moto kutoka kwenye birika ili mafuta yatoke haraka. Sikusikia mlio mkubwa, nilisikia "tik" moja, ufa ukapanda kutoka kitakoni mpaka ukingoni ukakata ua lililochongwa katikati. Kilichotokea ni kwamba kioo kinene ndani kinapata joto na kutanuka wakati nje bado kimelala na baridi yake, pande mbili zinavutana, na chombo kinavyozidi kuwa kinene ndivyo hatari inavyozidi, tofauti na wengi wanavyodhani kwamba kinene ndo kigumu. Bilauri zako za kuchongwa na lile bakuli vinaingia hapo. Maji ya uvuguvugu tu, na utandike taulo ndani ya sinki ili ikiteleza isikute chuma.

Dekanta yenye kizibo kilichogoma usiizungushe kwa nguvu, shingo ndo inakatika. Dondoshea tone moja mbili la mafuta ya kula kwenye mzunguko pale kizibo kinapokutana na shingo, iache mpaka kesho mafuta yashuke yenyewe, alafu funga shingo kwa nje na kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, shingo itatanuka kidogo na kukizidi kizibo, gonga kizibo kwa kijiko cha mbao upande huu na upande ule, taratibu, kama unamwamsha mtoto. Isipokubali rudia siku inayofuata, una mwezi mzima hakuna haraka. Kizibo kikitoka na ndani ukakuta doa la waini lililokauka kitakoni, tia mchele mbichi vijiko vitatu hivi, maji ya uvuguvugu kidogo na tone la sabuni, ziba na kiganja, izungushe, usiipige juu chini, izungushe tu mchele ufagie kitako. Utaona maji yanageuka rangi ya chai. Mwaga, rudia na mchele mpya. Mara ya tatu kawaida inakuwa imetoka.

Haya, sasa tuje kwenye maua, twende glasi kwa glasi.

Vile vidogo vya mguu, vya kunywea likeri au sheri, ndo hazina yako kubwa na ndo watu wanavidharau. Mdomo mwembamba, tumbo dogo, vinataka ua moja tu. Moja kweli kweli. Waridi moja lililofunguka nusu, au karnesheni moja, au kijitawi cha daisi chenye vichwa vitatu. Kata kikonyo kifupi kiasi kwamba kichwa cha ua kinakaa juu ya ukingo kabisa, shavu lake linagusa kioo, hapo glasi inalibeba ua kama kiganja kinavyobeba kidevu na haliendi popote. Kosa ni kuacha kikonyo kirefu, ua linaegemea upande, uzito unahama, glasi inapinduka. Nina hakika iliyoanguka juzi ilikuwa hivyo.

Zile pana za shampeni ndo ngumu kuliko zote, mdomo kama sahani na kina kidogo, sentimita 4 au 5 tu za maji, huwezi kusimamisha kitu humo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha ua lielee: maji sentimita 2 au 3, ua moja kubwa lililofunguka, kikonyo ukikate kibaki kama sentimita 1, liweke juu ya maji lielee. Krisantemu inakaa vizuri, waridi lililofunguka lote linakaa vizuri, ila hiyo ni ya jioni moja, ifanye saa chache kabla wageni hawajafika. Njia ya pili ni wavu. Kausha ukingo vizuri sana, chukua selotepu angavu, ikate kwa urefu upate nyuzi nyembamba za nusu sentimita, pitisha tatu hivi alafu nyingine tatu kukatiza, unapata vyumba vidogo vidogo, kila ua linasimama kwenye chumba chake, alafu majani mafupi pembeni yanaficha. Ukingo wenye dhahabu usiguse selotepu, ukiibandua inaondoka na dhahabu yake.

Bilauri za kuchongwa zina bahati, nzito chini, haziyumbi, na ule mchongo unavunja vunja mwanga kiasi kwamba vikonyo ndani havionekani vizuri hata vikiwa vimekaa ovyo. Hapa unaweza kuweka maua matano mpaka saba. Anza na majani, usianze na maua. Tumbukiza matawi manne matano ya majani magumu, kila moja liingie kwa kulala kuelekea upande wa pili, vikonyo vikatizane chini majini vijifunge vyenyewe, huo ndo unakuwa wavu wako, alafu maua yanachomekwa katikati yake na yanasimama. Urefu wa maua juu ya ukingo usizidi mara moja na nusu ya urefu wa bilauri, na kwa meza ya kula mi ningepunguza zaidi.

Bakuli kubwa watu wanakimbilia kulijaza maua 40. Sikushauri. Kama unaweza kupata kenzani, ile sahani nzito ndogo yenye miiba ya shaba ambayo Wajapani wanaitumia kwa ikebana, sanaa yao ya kupanga maua, iweke ndani upande mmoja, sio katikati, chini yake tanguliza kipande cha mpira laini isikwaruze kioo, kisha simamisha matawi matatu tu na uache maji mengine yaonekane wazi. Bakuli la zamani ni zuri lenyewe, liache lionekane. Sponji ya kijani ya kuchomekea maua usiitumie kwenye kioo angavu, inaonekana, inamomonyoka, vumbi lake linaingia kwenye michongo na ni plastiki, haiozi.

Na dekanta, ile shingo nyembamba inataka tawi moja refu. Tawi, sio ua. Lenye machipukizi au majani machache, lililopinda kidogo. Dekanta ndo kitu pekee kati ya vyote ulivyonavyo chenye shingo ya kubana kama vesi, na kitako kipana kinachoshindana na uzito wa tawi, hata sentimita 60 inabeba.

Kuhusu kuanguka, glasi ya mguu inasimama kwa sababu ya kitako chake cha duara na uzito wake wote uko juu. Ukijaza maji mpaka pomoni unaongeza uzito huko huko juu. Kwa hiyo za mguu mrefu weka maji theluthi moja au nusu, ua jepesi, na kichwa cha ua kisitoke nje ya duara la kitako. Hilo ndo jaribio langu: tazama kutoka juu moja kwa moja, ukiona ua limevuka kitako upande wowote, fupisha kikonyo. Alafu itikise meza kidogo kwa goti, kweli, itikise, afadhali ianguke sasa ikiwa hakuna mtu.

Hapo utaniuliza ile inayoumwa yenye mguu nijaze au nisijaze? Hiyo usiitumie kwa ua zito. Liache ua moja jepesi lielee, glasi ikiwa imejaa, na iweke katikati ya nyingine mbili nzito.

Meza ya watu 16 na glasi 30, usizipange kwa mstari mmoja zinazolingana nafasi, itaonekana kama duka la glasi. Zikusanye makundi, tatu hapa, tano pale, kati ya kundi na kundi acha nafasi tupu kwa ajili ya vyombo vya chakula, maana watu wamekuja kula. Kila kundi liwe na moja ndefu, moja ya katikati na vifupi, na kwa kuwa glasi zako hazifanani acha maua ndo yafanane, rangi moja au mbili ambazo ni ndugu, mfano nyeupe na ya krimu, au waridi iliyopauka na iliyokolea. Glasi tofauti na maua tofauti pamoja ni kelele. Nimeona meza nyingi zinaharibika hapo, kila kitu kizuri kimoja kimoja, vyote pamoja macho hayajui yatue wapi.

Urefu, fanya hivi: kaa kwenye kiti, weka kiwiko juu ya meza, inua ngumi. Maua mazito yasipite ngumi, ni kama sentimita 30 hivi kidogo zaidi, watu waonane usoni. Lile tawi la dekanta linaruhusiwa kupita kwa sababu ni jembamba, macho yanapenya.

Na jambo ambalo halisemwi: hizi bado ni glasi. Mtu anaongea na jirani yake anapeleka mkono bila kuangalia anashika glasi ya ua akidhani yake. Kwa hiyo makundi yote yakae katikati ya meza, mbali na sahani, na ua lionekane kabisa. Ndio maana pia mezani situmii oleanda wala konvalaria, ile yenye vikengele vidogo vyeupe, zina sumu, hata maji zilimokaa ni hatari, na watoto hawaulizi.

Rangi ya glasi usiisahau. Kama bibi aliacha za kijani au za rangi ya asali hizo zinaficha vikonyo na maji, zipe maua meupe au ya njano. Ya bluu iliyokolea inameza maua ya zambarau na mekundu meusi, iwekee jeupe. Zile za waridi hafifu na kijani hafifu zenye michoro ya kufinyangwa kwenye kalibu, inawezekana ni za miaka ya 1930 kule Marekani, kipindi cha mdororo wa uchumi, zilitengenezwa kwa mashine kwa bei ya chini nyingine zikawa zinatolewa bure ndani ya maboksi ya vyakula au kwenye majumba ya sinema, leo watu wanazikusanya. Na kama kuna ya kijani kibichi inayoelekea njano, siku moja zima taa uimulike na tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), ikiwaka kama kimulimuli basi ina urani, madini yenye mionzi, ndani yake kiasi kidogo, watengenezaji wa Bohemia walikuwa wanaitia tangu miaka ya 1830 kwa ajili ya rangi tu. Kwa kuweka ua haina shida yoyote. Na ukikuta angavu iliyoingia rangi ya zambarau hafifu, hiyo ni manganizi, aina ya madini, iliyotiwa zamani kuondoa ukijani wa kioo, ikakaa juani miaka ikageuka. Waridi jeupe ndani ya hiyo, mchana wa jua, utakuja kuniambia.

Sasa maji yaliyonuka. Glasi ndogo ina maji kidogo, na bakteria hawahitaji mengi, majani yaliyozama yanaoza, maji yanachafuka, wale bakteria wanaziba mirija ya kikonyo na ua linainama shingo huku limesimama ndani ya maji. Unadhani lina kiu ya maji, kumbe maji yapo, njia imeziba. Kwa hiyo siku moja kabla, maua yakifika, toa majani yote ya chini, kata kikonyo kwa kisu kikali kwa mshazari sentimita 2 hivi, yatumbukize kwenye ndoo safi yenye maji mengi, chumba cha baridi, mpaka kesho yake. Yanywe yashibe. Ua lililoshiba ndoo linavumilia kiglasi kidogo, ambalo halijashiba linakufa mezani. Siku ya shughuli ndo ukate urefu wa glasi. Hakuna jani hata moja chini ya maji, hata nusu jani. Ukitaka yaendelee baada ya hapo badilisha maji kila siku, sio kuongezea juu ya yale ya jana, mwaga yote, suuza glasi, kata tena kipande kidogo cha kikonyo. Sukari peke yake usitie, unawalisha bakteria. Dafodili ukizitaka zikae peke yake kwenye ndoo yake saa kadhaa kwanza, zinatoa ute unaoumiza maua mengine, na ukishazitoa usizikate tena. Tulipu zinaendelea kurefuka hata zikishakatwa na zinageukia mwanga, kwa hiyo zikate fupi kuliko unavyotaka. Na kama mezani kutakuwa na matunda yaliyoiva usiyaweke kundi moja na maua, hasa karnesheni, matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini na karnesheni ikiivuta inafunga petali zake inasinyaa, ukiamka asubuhi inaonekana kama imelala.

La mwisho uliuliza zinaweza kurudi kunywewa. Nyingi ndio, lakini sio zote, na mimi ningezigawa leo kabla ya maua sio baada. Zilizobanduka ukingo, zenye ufa, zile zinazoumwa ndani, na yoyote ambayo ndani yake hufiki na sponji, hizo ziwe za maua moja kwa moja, funga kiuzi kwenye mguu mtu asije akachanganya. Nzima na safi osha na sabuni na maji ya uvuguvugu, rudisha. Za kristali zina jambo lake: tangu George Ravenscroft, mtengenezaji wa kioo, apate hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) Uingereza mwaka 1674 na madini ya risasi kuanza kutiwa kwenye kioo cha kifahari, ule uzito na ule mlio unaousikia ukigonga kwa kucha unatoka kwenye risasi, na kwa kanuni za Ulaya kioo hakiitwi kristali ya risasi mpaka kiwe na angalau asilimia 24 ya oksidi yake. Risasi inahamia kwenye kinywaji taratibu, hasa kikiwa na uchachu kama waini au juisi na kikikaa muda mrefu. Watu wazima kunywea jioni moja sio sawa na kuhifadhi, lakini dekanta ya kristali usiache kinywaji kikalala humo, na watoto na wajawazito wape glasi nyingine. Kwa maua haijalishi kabisa, ndio maana mi naona dekanta zako mbili zimeshapata kazi yake.

Ukimaliza shughuli zikauke vizuri kabla hazijarudi kabatini. Dekanta ilaze kwa mshazari shingo chini ndani ya jagi pana lililotandikwa taulo mpaka ndani pawe pakavu kabisa, inaweza kuchukua siku mbili, na kizibo usikirudishe, kifunge kwenye kitambaa ukiweke pembeni yake. Za mguu zisimamishe kwa kitako, usizigeuze mdomo chini, ule ukingo ndo sehemu dhaifu kuliko zote na ukizigeuza zinafungia unyevu ndani. Ile iliyoanguka juzi hujaniambia kama ilivunjika. Kama ni mguu tu uliokatika na tumbo ni zima usiitupe, tumbo hilo likae juu ya kikombe kidogo au kipete cha mbao, waridi moja ndani, na liwepo mezani siku hiyo pamoja na zingine za bibi.